Foleni Tatu za Mwenye Wasiwasi

Mtu wa Mombasa akishikwa na wasiwasi wa kweli, ule unaomwamsha saa nane usiku na jasho shingoni, huishia katika foleni tatu. Ya kwanza ni ya hospitali, chumba cha dharura, kwa sababu moyo unamwenda mbio hadi anaamini anakufa. Ya pili iko nje ya nyumba ya mwalimu wa kisomo, Majengo au Kisauni, akingoja kusomewa aya na kupewa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya hizo. Ya tatu ni fupi kuliko zote: kaunta ya kemisti, ambako kijana aliyevaa koti jeupe atamuuzia vidonge vya kulala bila karatasi ya daktari. Foleni hizi haziko mbalimbali. Unaweza kuzipanga zote kwa siku moja na ukawa nyumbani kabla ya magharibi. Ila hakuna hata moja inayojua kwamba zile mbili nyingine zipo.

Nimezipanga zote. Ilianza ndani ya feri ya Likoni, Jumatatu asubuhi, nimebanwa baina ya mkokoteni wa maji na mama aliyejitwika beseni la samaki. Vidole vikaanza kufa ganzi, mdomo ukakauka, kifua kikajifunga kama kimefungwa kamba. Nikajua ni moyo. Tulipotia nanga nilirukia tuktuk nikaenda hospitali moja kwa moja. Kipimo cha umeme wa moyo kikatoka safi, sukari sawa, presha imepanda kidogo. Daktari, kijana mwenye macho ya mtu aliyekesha, akaniambia, "Huna kitu, mzee. Nenda ukapumzike."

Mwalimu, wiki iliyofuata, aliniona nina kitu tena kikubwa: husuda ya mtu wa karibu. Kijana wa kemisti hakushughulika kama ninacho au sinacho; alitaka kujua nichukue vidonge kumi au thelathini.

Hicho nilichoambiwa sina, yaani maradhi ya wasiwasi, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 walikuwa nacho watu milioni 301. Hakuna maradhi mengine ya akili yanayowakumba watu wengi duniani kuliko haya. Wanawake hupatwa zaidi ya wanaume, na katika kila wagonjwa wanne ni mmoja hivi anayepata tiba yoyote. Watatu waliobaki, nadhani wengi wao wamewahi kuambiwa hawana kitu.

Siku hizi neno linalotembea katika warsha na mawaidha ni "tiba ya mtu mzima": mwili, nafsi, imani na jamii kwa pamoja. Nalikubali. Shida yangu ni namna tunavyolielewa, kwamba ni kuongeza. Mchaichai, kombe, vidonge, kutembea ufuoni Nyali alfajiri, kikao na mshauri, juu yake swaumu ya Jumatatu na Alhamisi. Lakini hayo tunayafanya tayari! Kama tiba ya mtu mzima ingekuwa ni wingi wa dawa, Mombasa ingekuwa mji mtulivu kuliko yote Afrika Mashariki. Tunachokosa ni mtu mmoja wa kuyasikia yote kwa kikao kimoja, kisha aseme lipi litangulie na lipi liachwe.

Fikra yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1977 daktari Mmarekani George Engel aliandika katika jarida la Science kwamba udaktari unaotazama viungo peke yake haumwoni mgonjwa. Sharti utazame pia nafsi yake na watu anaoishi nao. Miaka elfu moja na ushei kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh katika Afghanistan ya leo aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuandika kwamba mwili ukiugua nafsi huumia, na nafsi ikiugua mwili hauponi vizuri. Alisikitika kuwa matabibu wa zama zake walishughulikia mwili na kuiacha nafsi. Angekuja leo katika vyumba vyetu vya dharura asingekosa la kuandika.

Na lugha yetu ilikuwa na habari. Sikiliza mtu mzima wa Pwani akieleza hali hii: ana wahaka, ana jakamoyo, moyo una kiherehere, tumbo linamsokota, roho imempaa. Hakuna hata kimoja kinachokaa kichwani. Wasiwasi wenyewe ni neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya mnong'ono, kitu kinachosemeshwa sikioni. Kisha ikaja "afya ya akili", jina zuri kwenye ripoti, lakini kwa masikio ya mtaani akili mbovu ni wazimu. Si ajabu: hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza mwaka 1910 kama mahali pa kuwafungia wendawazimu, na jina lake likabaki tusi la uwanja wa mpira nchi nzima. Mtu mwenye jakamoyo akipita mbele ya kibao cha kitengo cha akili haoni jina lake pale. Anapita.

Aliyenisaidia mimi ni afisa wa kliniki katika zahanati ya mtaa, mama wa makamo, ambaye nilimwendea kwa kikohozi cha mwanangu. Aliniangalia mikono inavyotetemeka nikimshika mtoto. Akaniuliza maswali manne, huku akiandika dawa ya kikohozi: "Kaka, unakunywa kahawa ngapi kwa siku? Unalala saa ngapi? Nani anakudai? Na ni nini ulichokuwa ukifanya, sasa umekiacha?" Makala haya yote ni maelezo ya maswali hayo, kwa hiyo kama una haraka umeshayapata.

Kabla ya kahawa, ya feri kwanza, maana maelezo yake yangemchukua yule daktari dakika tatu. Ubongo una king'ora chake. Kikilia, mwili humwagiwa adrenalini, moyo hupiga kwa kasi ili misuli ipate damu ya kukimbilia. Tatizo ni kwamba ndani ya feri hakuna pa kukimbilia. Umesimama tuli ukipumua kama mtu anayekimbia, na unaitoa nje hewa ya kaboni dioksaidi kupita kiasi. Ikipungua katika damu, vidole na midomo hufa ganzi, kichwa huwa chepesi, kifua hubana. Wewe huko ndani hujui hayo. Unachojua ni kwamba unakufa, na kwa kujua hivyo king'ora kinazidi. Ndiyo maana wale wanaokuzunguka na kukupigia kelele "vuta pumzi! vuta pumzi!" wanakutilia mafuta motoni. Pumzi umeshavuta ya kutosha. Kinachosaidia ni kuitoa, polepole, iwe ndefu kuliko ulivyoivuta.

Yule mama hakutosheka na kuniambia ni wasiwasi. Alinipima wingi wa damu na kunituma nikapimwe tezi ya shingoni, kwa sababu tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo wa mbio, jasho na kutetemeka, na mtu akatibiwa wasiwasi miaka mitatu bure. Upungufu wa damu nao hujifanya hivyo hivyo, na baadhi ya dawa za pumu. Na mwanamke wa miaka arubaini na kitu anayeamka usiku akiwa amelowa, moyo ukimdunda, huenda ni mwili unaoelekea kukoma hedhi. Nimeona wawili, katika ukoo wangu mwenyewe, wakitangaziwa jini mahaba.

Sasa kahawa. Nilipohesabu nilipata vikombe tisa. Vidogo, nilijitetea, hivi vya sini vya barazani. Lakini ni tisa, vichungu, na cha mwisho nakinywa saa tatu usiku baada ya isha. Kafeini hupungua nusu kwa takriban saa tano, kwa hiyo saa nane, wakati nikiwa nimekaa kitandani nikiusikiliza moyo wangu, nusu ya kikombe kile cha mwisho bado ilikuwa inafanya kazi. Ushauri aliotoa ndio ulionifanya nimheshimu. Hakusema niache baraza. Alisema, "Baraza nenda, ila unywe tangawizi." Mtu anayetazama kikombe tu angenitoa kwa wenzangu na kuniacha peke yangu na usiku wangu.

Kwa vijana jambo si kahawa, ni muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mei 2024 kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikafanya vivyo hivyo, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri. Nchi nzima ikabishana. Upande mmoja ukasema watoto wetu wanaharibika, upande wa pili ukasema wakulima wa Mbeere watakula nini. Yote mawili ni ya kweli. Lakini sikusikia wengi wakiuliza dereva wa tuktuk wa zamu ya usiku anatafunia nini. Anatafuna asilale, kwa sababu akilala hajapata pesa za mwenye chombo. Majani yale yana kathinoni, ambayo huukimbiza moyo na kuufukuza usingizi. Yakiisha nguvu humwacha na uchovu, hasira na hofu isiyo na sababu, na dawa ya karibu ya hali hiyo ni fungu jingine. Siku akizidiwa atapelekwa kusomewa. Au atakwenda kemisti kutafuta cha kumlaza, na akawa na kitu cha kumwamsha mfuko huu na cha kumlaza mfuko ule. Baadhi ya vidonge hivyo vya kulala, vikitumiwa wiki nyingi, mwili huvizoea, na siku ukiviacha ghafla wasiwasi hurudi mkali kuliko ulivyokuwa. Huo ni mtego, na unauzwa bila karatasi.

Swali la tatu, nani anakudai, daktari hulikwepa kwa sababu hana dawa yake. Kuna wasiwasi wenye anwani na wasiwasi usio na anwani. Jirani yangu, fundi wa malori Miritini, hana maradhi, ana hesabu. Mizigo ilipoanza kupandishwa reli ya SGR kwenda Nairobi, malori yalipungua, na pamoja nayo gereji, mama wa chapati, mwenye kuuza mataili makuukuu. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu mwaka 2019. Septemba 2022 serikali ikaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi bandarini, lakini gereji iliyofungwa haifunguki kwa agizo. Leo simu yake ikilia tu anashtuka, maana huwa ni ule ujumbe wa mkopo wa simu. Mtu huyu ukimfundisha kupumua, atapumua vizuri akiwa bado anadaiwa.

Haina maana kwamba hasaidiki. Mwaka 2006 huko Mbare, Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda hakuwa na wauguzi wala vyumba, alikuwa na kina nyanya kumi na wanne waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaa. Akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati. Hawakuzungumza lugha ya vitabu. Walizungumza juu ya *kufungisisa*, Kishona cha kuwaza kupita kiasi, ambacho sisi tunakiita "mawazo mengi". Mgeni humwaga yote, kisha yeye na nyanya huchagua tatizo moja tu, dogo, lenye kushikika, wakalitafutia hatua ya wiki hii. Mwaka 2016 jarida la JAMA lilichapisha matokeo ya watu 573: baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Najua mtakaloniambia. Sisi tuna baraza nje ya kila nyumba ya Mji wa Kale, mabenchi tumejengewa na mababu. Kweli. Lakini miaka ishirini ya kukaa barazani nimesikia kila kocha wa Uingereza akifukuzwa na kila mbunge akisutwa, sijasikia mwanamume akisema "nadaiwa na sijui nitalipaje". Baraza linaondoa upweke, hilo si dogo, ndiyo maana yule mama hakunitoa. Ila kumwaga ya moyoni kuna mahali pake na mtu wake, na mtu huyo hufundishwa kazi.

Swali la nne lilinikamata vibaya. Nilikuwa nimeacha feri. Na kwa bahati mbaya yangu, barabara ya Dongo Kundu ilikuwa imefunguka. Mji mzima ulishangilia, na mimi zaidi yao, kwani sasa naweza kufika Kusini bila kugusa maji. Nikawa nazunguka Miritini, nachoma mafuta na saa nzima, nikijisifu kuwa nimepata suluhisho. Miezi miwili baadaye hofu ikanifuata kwenye lifti. Kisha foleni ya benki. Kisha safu ya mbele msikitini. Nikawa nasali karibu na mlango. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi: kila ukikikwepa kitu ubongo huandika kuwa umeokoka kwa sababu umekikwepa, na siku ya pili unakudai ukwepaji mwingine. Ni kodi inayopanda kila mwezi.

Sisemi kwamba kuogopa feri ni upuuzi. Wenye umri wangu tunakumbuka feri iliyozama Mtongwe, Aprili 1994, ikafa na watu 272. Tunakumbuka mwaka 2019, gari lililoteleza kutoka kwenye feri Likoni likiwa na mama na mwanawe, na siku zile zote mji ulizokaa ukitazama maji. Hofu hiyo ina kumbukumbu. Kinachoitofautisha na ugonjwa ni kwamba imeacha kusikia: watu laki tatu hivi huvuka kila siku na kufika, na mwili wangu haukutaka kuelezwa habari hiyo. Mwili haufundishwi kwa hoja, hufundishwa kwa kupelekwa. Mwanasaikolojia niliyetumwa kwake alinipanga kama mtoto wa chuo anayeanza alifu: wiki ya kwanza kusimama juu ya mteremko na kutazama watu wakipanda, kisha kuvuka mchana, feri ikiwa nyepesi, na mtu, kisha peke yangu. Sharti lilikuwa moja, nisiondoke hofu ikiwa kileleni. Ningoje ishuke yenyewe. Hushuka.

Na mwalimu? Wasomaji wangu wengine wangependa nimcheke, na wengine wananisubiri nimguse tu. Sitafanya lolote kati ya hayo. Katika foleni zote tatu, ni kwake tu nilipokalishwa, nikasikilizwa dakika arubaini, ndugu zangu wakaitwa wakaja. Mwaka 2001 watafiti waliochapisha katika jarida la BMJ walipima watu wakisali rozari kwa Kilatini, na watu hao hao wakirudia maneno ya dua za Kibudha. Pumzi zao zilishuka hadi sita hivi kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaanza kwenda sambamba nazo. Aliyewahi kukaa katika uradi hahitaji kuelezwa zaidi. Al-Balkhi naye alishauri mtu ajiwekee fikra za kumtuliza wakati ametulia, kama anavyoweka dawa kabatini, ili fazaa ikija azikute tayari. Hiyo ni kazi ambayo msikiti na kanisa huifanya vyema kuliko hospitali.

Ninapogombana na mwalimu ni pale anaposema, "Dawa za hospitali ziache, zitaharibu kombe." Dawa halisi za wasiwasi, zile za kunywa kila siku, huchukua wiki kadhaa kuanza kushika, na kuziacha ghafla huleta kizunguzungu na mshtuko ambao mgonjwa ataudhania ni jini anapinga. Ninagombana naye pia anapomtaja mtu. Yule "mtu wa karibu" mwenye husuda kwangu alikuwa shemeji yangu, ambaye ndiye pekee aliyenikopesha bila riba. Nilimnunia miezi mitano. Tiba iliyonipunguzia ndugu mmoja sijui niiandike safu gani.

Basi foleni zingeunganishwaje? Tangu Septemba 2023 serikali ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba na mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari. Ningependa mkoba huo uwe pia na karatasi moja. Yapo maswali saba, yaliyoandaliwa mwaka 2006, ya kupima wasiwasi: katika wiki mbili zilizopita ni mara ngapi umeshindwa kuzuia mawazo, umeshindwa kutulia, umeogopa kwamba litatokea baya. Kila jibu lina alama sifuri hadi tatu. Ukifika kumi unastahili kutazamwa zaidi. Toleo la Kiswahili limeshajaribiwa huku huku Pwani, Kilifi. Mhudumu hatibu kwa karatasi hiyo, lakini atajua wa kumtuma, na angeandika katika lile daftari ambalo kila Mkenya hulibeba hospitalini: anakunywa kitu gani, anasomewa wapi, anameza nini, anadaiwa na nani. Daktari aliyekesha angelisoma kabla ya kusema huna kitu. Na walimu wa Majengo waalikwe zahanati, si kwa kukemewa, kwa kupewa namba ya simu ya kupiga wakimwona mtu aliyezidi uwezo wa kombe.

Shemeji nilimwomba radhi Idd iliyopita. Alicheka, akasema alidhani nimeshindwa kulipa nikawa naona haya. Ndiye aliyenisindikiza mara ya kwanza kuvuka, ameshika mfuko wa mahamri, akizungumza mfululizo habari za mashua yake bila kunitazama usoni, na sijui kama ni ukarimu au ni kawaida yake. Tangu hapo nimevuka peke yangu mara nyingi. Alhamisi iliyopita nilipita Dongo Kundu. Nilikuwa nimechelewa, na foleni ya Likoni ilikuwa ndefu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.